Naanza akwariamu ya maji chumvi, samaki gani watakaa pamoja bila kuuana?

kivukoni_juu

Wakuu habari zenu. Nipo Dar, samaki wa maji baridi nimefuga muda mrefu tu, gapi, goldfishi, mpaka oska nishakuwa nao, sasa nataka kuhamia maji chumvi. Fundi vioo kanitengenezea tangi urefu sm 100, upana 50, kimo 45, ukitoa mawe na ile nafasi ya juu isiyojaa nakadiria yanabaki maji lita 190 hivi. Mawe yapo, mchanga upo, pampu na skima (ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu) nimechukua kwa jamaa aliyekuwa anahama. Maji yamo ndani tayari ila samaki hata mmoja hakuna, wife anasema nimeleta bahari sebuleni halafu haina kitoweo.

Sasa muuzaji kaniandikia listi. Klauni wawili, yule kangaja wa bluu mwenye mkia wa njano wa kwenye katuni, domino watatu (hawa anasema niwatangulize wafungue tangi mana ni wagumu hawafi), samaki simba mmoja mdogo, kitatange mmoja, na yule rasi msafishaji anayewatoa wenzake wadudu. Jumla tisa. Watoto wanamtaka wa bluu, mimi roho yangu ipo kwa samaki simba.

Naomba kujua hawa wataelewana? Kwa lita 190 mwisho wangapi? Na maji niendelee kuchota baharini au ninunue chumvi ya paketi? Kuna kijana pia ananiambia ataninyakulia samaki kisiwani Mbudya kwa bei poa kuliko dukani. Umeme wa huku mnaujua lakini, kwahiyo mtu asinishauri kana kwamba nipo Ulaya.

bamburi_ndani

Yakhe hiyo listi inamfaa yeye muuzaji, wewe itakutia hasara. Ngoja tumchukue mmoja mmoja.

Huyo wa bluu ukimuona dukani ni kama sarafu ya shilingi ishirini, mzuri, lakini yuwafika sm 30 na tangi lako lina sm 100 kwa urefu. Samaki wa jamii ya kangaja siku nzima yuwatembea, kule kwenye mwamba akiondoka asubuhi haonekani, sasa kwako akipiga mkia mara mbili tatu ameshagonga kioo. Akibanwa anakuwa na wasiwasi na akiwa na wasiwasi ndio ule ugonjwa wa madoa meupe unamshika, na madoa meupe hayabaki kwake peke yake, yatawapata wote. Watoto waambie atakuja siku mkihamia nyumba ya tangi la lita mia sita na zaidi.

Samaki simba hana ugomvi na mtu, huo ni ukweli. Atakaa kimya pale kwenye kona amefungua mapezi yake mpaka wageni wakuulize kama ni ua, halafu taa zikizimika utahesabu klauni umkose mmoja. Chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, na mdomo wake ukifunguka ni mkubwa kuliko unavyodhania. Halafu miiba yake ya mgongoni ina sumu, sasa wewe na watoto na mikono ndani ya tangi kila wiki mwasafisha mwani, mimi sipendi.

Kitatange wengi chakula chao ni matumbawe hai, hivyo vidomo vilivyochongoka ni vya kudonolea matumbawe. Ukimpa chakula cha paketi atakuja akiangalie, atakitema, aende zake. Ataisha taratibu ubavu unabonyea mpaka siku ya siku. Rasi msafishaji kadhalika. Baharini ana kituo chake, samaki wapanga foleni kutwa kuja kusafishwa, kwako atapata wateja wanne wasio na kupe hata mmoja, atakula nini? Wako wanaozoea chakula cha kawaida lakini kwa mtu anayeanza mwache baharini.

Domino sasa. Huyu ndiye naomba unisikize vizuri. Ni kweli hafi. Ndio shida yenyewe. Akiwa mdogo ni mweusi ti na vidoa vitatu vyeupe, kila mtu yuwampenda, akikua vile vidoa vyafifia, rangi yawa kijivu kijivu na mwili wapita sm 10, na yuwajua kuwa yeye ndiye aliyeingia wa kwanza, kama mpangaji aliyetangulia akajiona ndiye mwenye nyumba. Atachagua jiwe lake, kila mgeni akipita atamtokea kwa kasi, amng'ate mkia, arudi. Ukiwa karibu na kioo kumetulia wasikia hata sauti, kitu kama kugongesha meno, ndio anafoka hivyo. Ukiwaweka watatu, wakikua mmoja atawamaliza wawili halafu ageukie klauni. Na kumtoa ni kubomoa mawe yote maana kwa wavu humpati.

Wa kubaki kwenye listi yako ni klauni peke yao. Wengine tafuta wapole wa ukubwa wa kidole. Kwa lita 190 mimi nasema watano, sita ikiwa ni wadogo kweli, na uhesabu kwa ukubwa atakaofikia, sio huu anaouziwa nao.

mzee_wa_kachori

Samaki simba na klauni tangi moja 😂😂 hapo muuzaji kakuuzia simba na lanchi yake

shimoni_mbizi

Salaam. Mimi nawavua hawa samaki wa mapambo, kwa hiyo nitasema upande wangu.

Kwanza hiyo ya Mbudya achana nayo kabisa. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, hata kombe hutakiwi kutoa. Huku kwetu Kenya pia ni hivyo, Malindi na Watamu ni paki tangu 1968, Kisite nayo ni paki, ukikamatwa ndani na wavu huna la kujitetea. Nje ya hifadhi nako hii kazi ni ya leseni, si kila mwenye miwani ya kuzamia. Na huyo kijana hata asipokamatwa, samaki anayepandishwa mbiombio kutoka kina kirefu kibofu chake cha hewa kinavimba tumboni, utamuona anaelea kichwa chini mkia juu, utamnunua kwa bei poa na atakufia kwa bei poa. Sisi twampandisha kwa vituo, pole pole, ndio maana bei yetu iko pale.

Pili, klauni. Yule wa kwenye katuni wa rangi ya chungwa na mistari mitatu si wa bahari yetu, yeye ni wa kule Indonesia, Australia ya kaskazini, upande huo, na wengi wanaouzwa duniani siku hizi wamezalishwa kwenye matangi. Ukiona wa kuzalishwa mchukue huyo, amezoea chakula cha paketi tangu kuzaliwa na hajabeba magonjwa ya mwituni. Wa kwetu wako aina mbili mtakutana nao sana. Mmoja wa rangi ya chungwa iliyopauka na mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni kutoka usoni hadi mkiani, Amphiprion akallopisos, huyu ni mpole kidogo. Mwingine mweusi kahawia mwenye mikanda miwili mipana myeupe, allardi, huyu anakuwa mkubwa na anauma hata mkono wa mzamiaji, nisingempa anayeanza.

Na msidanganywe ati klauni lazima awe na anemoni, yule mnyama laini wa minyiri anayejificha ndani yake. Baharini bila anemoni ataliwa, kwenye tangi nani amle? Anemoni yenyewe inataka taa kali na tangi lililokomaa, ikifa inaoza usiku mmoja na kuchafua maji yote.

Mwingine wa kwetu ambaye wazungu wanamlipia vizuri na ni wa ukubwa unaokufaa ni yule kitatange mdogo wa bluu mwenye kichwa na mgongo wa machungwa, Centropyge acanthops, hapiti sm 8. Usimchanganye na vitatange wanaokula matumbawe, huyu anachunachuna mwani kwenye mawe na anakubali kula vya kupewa. Ila mmoja tu, na mwisho kabisa, maana naye ana kiburi.

Ukienda dukani usilipe kabla hujamuona anakula. Mwambie muuzaji amwagie chakula mbele yako. Samaki anayekimbilia chakula, tumbo halijabonyea, matamvua hayapigi mbio mbio, mapezi ameyafungua, huyo chukua. Anayejisugua kwenye mawe muache, hata kama ni wa mwisho dukani na muuzaji anakupunguzia. Na ukipenda samaki wengi wa kuchagua, njoo kwenye kaskazi bahari ikiwa shwari, wakati wa kusi maji yana vumbi, hatuzamii sana.

tz_domino_gang

Napinga kidogo. Domino mnamuonea. Mimi nina damseli watupu, yaani domino na wale wadogo weupe wenye mistari myeusi, hakuna klauni hakuna nini, na wanaishi. Wanafukuzana kweli, mkia mmoja mmoja unachanika unaota tena, lakini ni samaki wenye maisha, wanatoka mbele wanakuangalia, sio kama hao wapole wenu wanaojificha kutwa unabaki unaangalia mawe. Kama mtu hana hela ya kupoteza samaki wa gharama aanze na hawa hawa.

bamburi_ndani

@tz_domino_gang hapo hatupingani ndugu yangu, tangi la damseli peke yao ni jambo jingine na waweza kulifurahia. Yeye ameuliza domino pamoja na klauni na wengine, na tena wakitangulia. Hapo ndipo shida.

Halafu hii ya "kufungua tangi" kwa samaki mimi siikubali hata wakiwa ni wagumu. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kula amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, ukimtia samaki yuwaoga kwenye mkojo wake mwenyewe mpaka bakteria waote. Afanye hivi, achukue kipande cha kamba mbichi wa sokoni, amtie ndani aoze. Amonia itapanda, baadaye bakteria wataigeuza nitriti, amonia ishuke na nitriti ipande, halafu nayo igeuzwe nitrati ishuke. Siku kipimo kikionyesha amonia sifuri na nitriti sifuri, na nitrati ipo, basi tangi liko tayari. Mara nyingi ni wiki nne hadi sita, joto letu laharakisha kidogo lakini usikate kona. Kamba mmoja ni bei gani? Domino watatu ni bei gani?

maskati_mwambao

Assalaam aleykum. Nafuga huku Maskati, mzee wangu ni wa Unguja, joto la huku hamnishindi.

Sijaona mtu aliyegusa joto na umeme na naona kwa Dar ndiyo yanayoamua idadi ya samaki kuliko hata ukubwa wa tangi. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa baridi, wanakuambia ununue hita. Wewe hita ya nini? Bahari yenyewe hapo Dar mwezi wa tatu inakaribia nyuzi 30, ongeza pampu na taa vinavyochemsha maji, tangi litapita hapo. Unataka 25 mpaka 27. Na maji kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo, halafu hapohapo samaki ndo anahitaji zaidi. Sasa umeme ukatike saa nane mchana tangi lina samaki tisa, hesabu mwenyewe. Lina samaki watano wadogo, unayo nafasi ya kuhangaika.

Nunua ile pampu ndogo ya hewa ya betri, zipo zinazojiwasha zenyewe umeme ukikatika. Feni ya mezani ielekezwe ipulize juu ya maji, inashusha nyuzi mbili tatu ingawa siku za unyevu mwingi inashusha kidogo. Lakini feni inakausha maji, na yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo unajazia maji matamu yaliyochujwa, usijazie ya bahari, ukifanya hivyo wiki chache tu chumvi imepanda samaki hawapumui. Maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi chumvi nayo kwahiyo sio hayo, ya bomba yana klorini, tafuta haya ya kuchujwa wanayouza kwenye madumu makubwa. Chumvi ipime kwa kile kipimo cha uzito wa maji, 1.025 ndiyo bahari.

Kuhusu kuchota baharini, inawezekana, watu wa pwani tuna bahati hiyo. Ila usichote karibu na daraja la Selander pale Msimbazi unapomwaga, wala ufukweni baada ya mvua ya masika, maji yanakuwa mepesi na uchafu wa mji mzima umo. Mwambie mwenye boti akuchotee nje huko maji yakiwa yamejaa, yaweke kwenye madumu ya kuwekea chakula, sio yaliyobeba mafuta au sabuni. Ukiona shughuli kubwa nunua chumvi ya paketi ulale.

kivukoni_juu

Dah wakuu nimesoma zote, mbarikiwe sana. Kwa hiyo samaki simba nimemzika rasmi, domino pia, wa bluu nitawaambia watoto kapewa uhamisho. Kamba nimeshamtia tangu jana, sebule imeanza kunuka kitoweo sasa wife kapata alichokuwa anataka 😅

Nimekaa nikapanga upya. Klauni wawili wa kuzalishwa, muuzaji anasema wapo. Fayafishi mmoja, yule mweupe mbele nyuma kama moto mwenye pezi refu la mgongoni. Gobi mmoja wa njano wa kulala mchangani. Huyo kitatange mdogo wa kwetu wa bluu na machungwa. Nilitaka na kadinali wa Banggai, yule wa fedha mwenye mistari myeusi. Na kamba msafishaji mmoja na konokono wa kula mwani. Hapo vipi? Nianze na nani? Klauni nachaguaje dume na jike?

bamburi_ndani

Hapo sasa umesema. Listi yapendeza.

Dume na jike usijisumbue, klauni wote huanza madume. Wewe chukua wadogo wawili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, basi. Yule mkubwa atageuka jike, mdogo atabaki dume. Siku za mwanzo utaona mkubwa amfukuza mdogo, na mdogo ajilaza ubavu mbele yake atetemeka mwili mzima kama aliyepigwa na shoti. Usiogope ukawatenganisha, yuwamwambia mimi niko chini yako, na wakishaelewana hapo watalala pembe moja maisha yao yote. Usitie wa tatu kamwe.

Utaratibu, mwoga aingie kwanza. Fayafishi na gobi watangulie, wapate shimo lao. Fayafishi yuwaruka, akishtuka tu yu sakafuni, na huyo ndiye anayekufa kwenye zulia kuliko anavyokufa kwa ugonjwa, kwa hiyo kifuniko cha wavu kiwe tayari kabla hajaja, na usitie kioo kizima juu maana joto halitoki. Mmoja tu, wakiwa wawili wasiopendana mmoja humalizwa. Gobi mpe mchanga mzito kidogo na kijiwe cha kuchimba chini yake, na hilo jiwe kubwa liweke likalie kioo cha chini kabisa kabla ya mchanga, asije akachimba likamwangukia. Baada ya wiki mbili tatu tia kadinali, halafu klauni. Kitatange mdogo mwache miezi, tangi liote mwani na vidudu vyake, ndio aje wa mwisho awakute wenzake wameshajigawia mahali.

Kadinali mmoja yuwatosha. Wakiwa madume wawili watauana. Na huyo naye uliza kama amezalishwa, kule kwao visiwa vya Banggai wamevuliwa mpaka wakaorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.

Kamba msafishaji ni sawa na hao wote. Lakini akishakuwemo kamba na konokono, ndio dawa ya shaba, ile ya kutibu madoa meupe, haitiwi tena humo, itawaua na itaingia kwenye mawe. Kwa hiyo tafuta ndoo kubwa au tangi dogo la pembeni, pampu ya hewa na kipande cha bomba cha kujifichia, kila samaki mpya akae humo kama mwezi umwangalie. Akiwa na madoa meupe utamtibu humo humo. Yakiingia kwenye tangi kubwa utawatoa wote, na tangi likae bila samaki zaidi ya miezi miwili, uchungu wake si wa kusimuliwa.

shimoni_mbizi

Nyongeza, huyo acanthops anaweza kudonoa matumbawe, kama baadaye utataka kuweka matumbawe laini jua hilo mapema. Kwa samaki watupu hana neno.

Na siku ukichoka na kufuga usije ukaenda kumwaga samaki ufukwe wa Coco au popote, hasa wa kutoka nje. Huyo huyo samaki simba unayempenda, Florida walimuona baharini kuanzia 1985, chanzo ni wafugaji kama sisi, leo Karibiani nzima inahangaika naye. Mrudishe dukani au mpe mtu.

kivukoni_juu

Nimekupata mkuu. Sasa la mwisho, kwenye hiyo ndoo ya karantini naweka na mchanga? Na chakula wanakula mara ngapi kwa siku?

maskati_mwambao

Mchanga usiweke, unanyonya dawa na unaficha uchafu. Ndoo tupu, bomba la kujificha, hewa, na utabadilisha maji mara kwa mara maana ndoo haina bakteria wengi, chukua sponji uiweke kwenye tangi kubwa kuanzia sa hivi ili iote bakteria, ukiihitaji unaihamishia kwenye ndoo. Ikishagusa dawa isirudi.

Chakula mara mbili, kidogo kidogo, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Ukipata uduvi mbichi osha vizuri ukate, gandisha, klauni watakukimbilia. Fayafishi anakula kinachopita majini, cha chini haokoti, kwahiyo zima pampu kubwa unapolisha chakula kielee mbele yake, na usisahau kuiwasha tena.